Viatu vya Wasomaji wa Bénédicte

Jumanne hiyo, kama Jumanne zote, Bénédicte alianza kufagia uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ilipofika saa mbili alikuwa hajamaliza, maana kabla ya kufagia ilimbidi ainue viatu. Vilikuwa jozi elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Vilianzia ukuta wa choo vikafika langoni: kandambili, raba za shule, viatu vya Jumapili vyenye ncha, buti za mpira za shambani, na jozi moja nyeupe ya bibi harusi iliyokuwa haijakanyaga popote zaidi ya sakafu ya kanisa.

Kila jozi ilikuwa ya msomaji mmoja. Mtu akijiandikisha leo kupokea barua ya Bénédicte kwenye simu, kesho yake asubuhi viatu vyake vinakuwa uani. Havikuwa vile anavyovaa sasa. Vilikuwa vile alivyoviacha mlangoni siku aliyokimbia vita huko Kpandroma, kijiji cha Djugu, kwani siku ile mtu alitoka na mtoto au alitoka na sufuria, na wengi walitoka miguu mitupu. Mtaani Sukisa, Bunia, jambo hilo halikumshangaza mtu. Chifu wa mtaa alikuja mara moja tu, akataka vipangwe mistari ili watu wa salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila Jumamosi, wapate njia ya kupita na majembe yao.

Aliyelalamika ni Angèle, mwenye nyumba.

"Mama Béné, hii biatu inakula parcelle yote. Muhogo yangu nitaanika wapi?"

"Anika juu ya bati, Mama Angèle."

"Juu ya bati kuku inapanda. Batu banasemaka mugeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe. Hii biatu iko na myaka mbili, na hata moja haijalima."

Lakini Angèle alikuwa akisema tu. Siku ya barua, viatu vya msomaji aliyeifungua vilipata joto, kama vimetoka kuvuliwa sasa hivi, na kuku wa Angèle walipenda kutagia humo. Buti za wachimba dhahabu ndizo zilizoongoza kwa mayai.

Bénédicte alikuwa amefundisha darasa la nne huko Kpandroma kwa miaka kumi na minne. Alikimbia na daftari la mahudhurio mkononi, na alipofika Bunia alianza kuwaandikia watu arobaini aliokuwa na namba zao. Aliwapa habari za nyumbani: nani amejifungua, shamba la nani linalimwa na nani, soko la Alhamisi limefanyika au limevunjika. Kila barua ilianza na marehemu, majina yote kamili, pamoja na majina ya waliowaacha, jinsi matangazo ya vifo yanavyosomwa redioni. Ilikuwa barua ndefu, na watu waliisoma mpaka mwisho. Walipozidi kuongezeka akahamia kwenye jukwaa moja la mtandaoni la kutuma barua, lililokuwa la bure na lenye rangi nzuri. Ndipo viatu vikaanza kufika.

Mwaka wa kwanza jukwaa lilimwacha aandike mara moja kwa wiki. Mwaka wa pili likaanza kumsemesha. "Umekaa siku nne bila kuandika. Wasomaji wako wanakusahau!" Akaandika mara mbili. "Waandishi wanaopendwa huandika mara tano." Akaandika mara tano, na kwa kuwa hakukuwa na vifo vya kutosha barua tano kila wiki, Mungu ashukuriwe, aliandika hata bei ya maharagwe. Jukwaa likamshauri aache kuanza na wafu, kwa kuwa wafu huwafanya wasomaji waondoke. Hapo alikataa. Likampunguzia wasomaji: barua aliituma kwa watu elfu na zaidi, na viatu mia mbili tu ndivyo vilivyopata joto. Aliyekuwa ameuliza habari za mama yake alibaki bila jibu, viatu vyake baridi kama jiwe la mto.

Alichoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka. Alisinzia akisonga bugali, mwiko mkononi, mpaka ukaungua chini. Akaanza kusahau majina ya wanafunzi wake wa zamani, yeye aliyeweza kuita daftari lote bila kulifungua. Muganga wa kituo cha afya alimpima malaria, hakuna. Akampima tension, presha ya damu, iko juu. Akamwandikia karatasi yenye neno moja: repos, pumziko.

"Repos inauzishwa wapi?" Bénédicte aliuliza.

"Mama, ile haiko mu farmasi."

Alirudi nyumbani akaandika barua ya tano katika siku saba. Aliandika kwamba Alhamisi wachuuzi walikuwa wamepita barabara ya Kpandroma wakisindikizwa na wanajeshi, na kwamba siku iliyofuata, wanajeshi walipoondoka, nyumba tatu zilichomwa. Aliwasihi wasirudi bado. Akaweka kichwa: "Habari za barabara." Akabonyeza, akalala juu ya meza.

Alipoamka, uani kulikuwa na joto. Viatu vyote, jozi elfu moja mia tatu na kumi na mbili, vilikuwa vimepata moto, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kuku walikuwa wamechanganyikiwa hawajui waingie wapi. Bénédicte akafungua simu. Jukwaa lilikuwa limemsaidia. Lilikuwa limeondoa kichwa chake na kuweka kingine kizuri zaidi: "Furaha! Barabara ya kurudi nyumbani imefunguliwa." Chini yake lilimpongeza kwa kuvunja rekodi.

Wengi waliisoma barua yote wakatikisa vichwa. Lakini wapo waliosoma kichwa tu, kwa sababu ni kichwa walichokuwa wakikingojea kwa miaka miwili. Kabla ya saa nne, jozi tisa ziligeuka, zikaelekeza ncha zake langoni, zikaanza kutembea. Zilikwenda polepole, urefu wa kidole kwa kidole, kadiri wenyewe walivyokuwa wakienda huko waliko.

Bénédicte alizijua nne kati ya hizo tisa. Moja ilikuwa buti za muzee Zacharie, aliyekuwa mlinzi wa shule. Ya kushoto ilizibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tangu akimbie Zacharie aliishi Aru kwa binti yake, na Bénédicte hakuwa na namba yake. Hakuwa na namba ya hata mmoja wa wale tisa. Namba zilikuwa kwenye jukwaa.

Akaandika sahihisho. Jukwaa likalipeleka kwa watu thelathini na wanane, kwa maelezo kwamba masahihisho hayapendwi. Akaliandikia jukwaa lenyewe, akaeleza kwamba kuna watu njiani na kwamba wanaweza kufa, akaomba apewe namba tisa tu. Jibu lilikuja upesi, nalo limetiwa sahihi ya Prince. Bénédicte hakupata kujua kama Prince alikuwa mtu.

"Habari ya asubuhi, mwandishi wetu mpendwa! Tunaelewa hisia zako. Kwa bahati mbaya, orodha ya wasomaji ni mali ya jukwaa. Je, ungependa tukusaidie kuboresha kichwa cha barua yako inayofuata?"

Damu ilimpanda, na safari hii si kwa tension. Akajibu hivi, neno kwa neno, na chifu wa mtaa alikuja baadaye kuomba anakili:

"Kama batu ni ba yenu, mukuje mubachukue. Biatu yabo iko kwangu."

Kisha akachana karatasi za daftari la mahudhurio, zile ambazo hazikuandikwa. Ikumbukwe kwamba watu wa Djugu, wanapopita kwenye vizuizi vya barabarani, huficha karte ya mpigakura kiatuni, chini ya soli ya ndani, kwa sababu ndicho kitambulisho pekee walicho nacho na kila mwenye bunduki hutaka kukishika. Bénédicte mwenyewe alipita vizuizi saba namna hiyo alipokuwa akikimbia, baada ya msamaria mmoja kumpa viatu. Akaandika kwa mkono, herufi kubwa za mwalimu wa darasa la nne: "NJIA HAIJAFUNGULIWA. RUDIA KULE UMETOKA. NI MIYE BÉNÉDICTE NIMEANDIKA NA MUKONO WANGU." Akazifuata zile jozi zilizokuwa zikitembea, akainua soli ya moja, akasukuma karatasi chini yake. Alipoinua tena kuhakikisha, karatasi haikuwapo. Ilikuwa imefika katika kiatu alichovaa mwenyewe huko njiani.

Akafanya hivyo kwa zote tisa. Wenye kandambili aliwapachikia kwenye mkanda.

Saa sita mchana jozi ya kwanza ilisimama, ikageuka. Baada yake ya pili. Angèle alikuwa ameleta kiti akaketi langoni, akizihesabu kwa sauti kama anahesabu ndizi. Ilipofika saa tisa, jozi nane zilikuwa zimeuelekea tena ukuta wa choo. Moja ilizidi kwenda.

"Ya muzee," Angèle akasema. "Muzee hasikii?"

Bénédicte akaandika karatasi nyingine, akaiweka kwenye buti ya kulia. Akaandika ya tatu, akaiweka kwenye ya kushoto yenye kiraka. Buti zilikwenda jioni hiyo na zikaenda Jumatano. Alhamisi asubuhi zilisimama hatua tatu kutoka langoni. Hazikugeuka. Wala hazikusogea tena.

Habari ya kilichotokea ililetwa na Abigaël, binti ya Zacharie, aliyesafiri siku mbili kutoka Aru na kuingia uani bila kubisha hodi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, kitambaa kimefungwa kiunoni kama wanavyofunga wafiwa. Alisimama mbele ya zile buti, akazitazama kwanza, kisha akamtazama Bénédicte. Hakuketi alipoonyeshwa kiti.

"Kulikuwa mama moja ya biashara nyuma yake mu laini," alisema. "Njo aliniambia. Papa alisikia karatasi chini ya muguu tangu mbali. Alibaambia batu mu lori: 'Muguu yangu inasikia karte, hatuna shida.' Alifurahi. Karte yake alikuwa ameisahau kwangu, juu ya meza. Alizania njo ile."

Bénédicte aliinama akaigusa buti ya kushoto, yenye kiraka.

"Pale barrière ya mwisho batu ba bunduki banamuomba kitambulisho. Anavua kiatu, anatoa karatasi, anabapa. Hakuiangalia hata. Babo banaisoma. Banacheka. Banamwambia: 'Muzee, barua yako inasema kweli.' Njo banamupeleka kando."

Kuku mmoja alitoka katika kiatu cha mtu, akatembea hadi kivulini.

"Jina yako ilikuwa juu ya ile barua," Abigaël akasema.

"Kichwa haikukuwa yangu," Bénédicte akajibu. "Jina ilikuwa yangu. Sitakataa."

Laiti angejitetea, huenda Abigaël angepata pa kupigia. Badala yake Abigaël aliketi chini, kati ya viatu vya watu asiowajua, akalia kwa sauti kubwa, na Angèle akaketi karibu yake, akalia naye, kwani hakuna anayeachwa alie peke yake. Walipomaliza, Abigaël alijipangusa uso kwa kanga.

"Andika kifo yake," akasema. "Yote. Usipunguze hata jina moja."

Bénédicte aliiandika. Jina la Zacharie na la baba yake na la babu yake, kijiji, kazi, watoto saba, wajukuu ishirini na wawili mmoja mmoja, wakwe, wale waliokuwa Uganda, wale ambao hawakujulikana walipo. Ilijaza kurasa mbili. Barua hiyo hakuipeleka kwenye jukwaa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ila ile njia ya Aru ni ndefu, na mwongo hakuitembea yeye.

Akaita mtaa. Jumamosi, badala ya kufyeka majani ya mtaroni, watu wa salongo walikuja uani na kalamu zao za bic. Chifu wa mtaa alisema mtaro utangoja. Walinakili tangazo la kifo, na chini yake maneno haya: "Siko tena mu plateforme. Barua itakayokuja kule na jina yangu, haiko yangu. Andika namba yako hapa, rudisha mu kiatu." Wakaziingiza nakala chini ya soli moja baada ya nyingine, elfu moja mia tatu na kumi na moja. Abigaël alipewa mstari wa ukutani, viatu vya watoto wa shule, ambavyo sasa visingewaenea, naye alifanya kazi mpaka mikono ikawa ya buluu.

Majibu yalianza kurudi Jumatatu. Ukiinua soli unakuta karatasi. Nyingine zilirudi na matope mekundu ya barabara ya Mambasa, nyingine na harufu ya samaki wa ziwani. Karatasi ya Abdoul, mchimba dhahabu wa Niania aliyekuwa kwa mama yake Kpandroma siku ya kukimbia, ilirudi na vumbi linalong'aa, na Angèle akaikung'uta kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine. Bénédicte aliandika namba zote katika madaftari manne ya shule. Aliziweka kumi kumi, na kila kumi wakachagua mmoja wao wa kuzishika, ili hata daftari likiungua orodha isiungue. Wakakubaliana kanuni moja: habari ya barabara haipiti mpaka watu watatu waliokanyaga barabara hiyo kwa miguu yao waseme neno moja.

Bunia, familia inapohofia kwamba mjomba fulani ataiuza nyumba kwa siri, huandika kwa rangi ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi. Bénédicte alimwomba Angèle ukuta wake wa mbele.

"Utaandika nini?"

Aliandika kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa mkono: BASOMAJI HABAUZISHWE.

"Andika na nyumba pia," Angèle akasema. "Kaka yangu anapitaka hapa."

Jukwaa halikukasirika. Prince alimwandikia kwamba wanasikitika kumpoteza, na kwamba kwa faida ya wasomaji, barua za Bénédicte zitaendelea. Na kweli ziliendelea, mara tano kwa wiki, na picha yake, na kichwa kizuri kila siku, na hakuna aliyejua ni nani aliyeziandika. Hazikuwa na wafu hata mmoja. Bénédicte alizisoma zote mwezi wa kwanza, akicheka vibaya, kisha akaacha. Alienda ofisi moja, akaambiwa aende nyingine; ya pili ikamwambia kwamba jukwaa haliko Bunia. Akauliza liko wapi. Walitazamana, wakamwambia arudi wiki ijayo.

Yeye sasa aliandika Alhamisi tu. Wiki moja aliandika mstari mmoja: "Leo nimechoka. Kila mutu aite jirani yake." Walipigiana simu kutoka Aru mpaka Niania, wakasalimiana kutwa, na barua nzuri kuliko zote ilikuwa hiyo ambayo hakuiandika. Yeye alilala saa kumi na nne. Alipoamka, akayakumbuka majina ya darasa la nne kuanzia wa kwanza hadi wa hamsini na tatu, akayataja kwa sauti kitandani, akaridhika.

Mwezi wa nne tangu aliache jukwaa, Ijumaa asubuhi, jukwaa lilituma barua yenye jina lake: "Kpandroma imetulia. Karibuni nyumbani." Simu zilizoipokea zilikuwa zaidi ya elfu. Bénédicte na Angèle walitoka uani wakasimama. Abigaël, aliyekuwa amehamia Bunia kusaidia, akasimama pamoja nao. Walitazama viatu tangu saa moja mpaka kengele ya adhuhuri ya kanisani. Hakuna jozi iliyogeuka. Hata kandambili moja haikusogea kidole.

"Habaendi," Abigaël akasema.

"Habaendi," Bénédicte akasema, na moyo wake ukajaa, kisha ukapungua, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba watu elfu moja mia tatu na kumi na moja walikuwa mbali na nyumba zao siku hiyo pia, na watakuwa mbali kesho.

Bado walikuwa wamesimama pale lango lilipoanza kugongwa chini, taratibu. Angèle akalifungua. Viatu vilikuwa vikiingia, jozi sitini na mbili, vina umande na nyasi mbichi za milimani, vya kijiji kilichokimbiwa alfajiri hiyo, ambacho habari zake zilikuwa bado hazijafika Bunia. Hakuna mwenye viatu hivyo aliyekuwa amejiandikisha popote. Vingi vilikuwa vidogo. Vilisimama njiani, kwa kuwa mbele hakukuwa na nafasi.

Bénédicte aliinama akaanza kusogeza vya zamani kuelekea ukutani, ili vipya vipate mahali.

"Mama Angèle, leta bic na karatasi," alisema. "Aba habajatujua bado."

Angèle akaenda kutafuta bic.